Roka Iliyolegea Siku ya Kumzika Shemeji

Jumatano, mwezi wa nne. Mvua ya masika ilinyesha alfajiri, ikaacha, ikarudi watu wanakunywa chai, halafu likatoka jua la kuchoma hadi jioni.

Nyie vijana wa kijiwe cha pikipiki pale Bungu mliniomba niandike mambo ya ufundi kabla sijayasahau. Nilipanga kuanza na karibureta, kwa sababu naona ndiyo inayowatesa. Leo sitaandika karibureta. Leo tumemzika shemeji yangu Athumani, mume wa dada yangu Zubeda, na tukiwa njiani kumpeleka, roka ya mashine ya boti ililegea. Naandika habari ya roka wakati oili bado iko kwenye kucha. Sikuwa na hakika kama ni adabu kuchanganya msiba na tapeti za mashine, nikamuuliza dada. Akasema, "Andika. Mwenyewe alikuwa anachanganya kila kitu."

Basi naandika. Mimi ni wa darasa la saba, mtanisamehe nikirukaruka.

Athumani alifia hospitali Kibiti jana jioni. Alilala pale muda mrefu, na alikuwa amechoka kulala ugenini. Alimwambia dada: nikifa nizikeni Maparoni kwa wazazi wangu, na msinilaze njiani. Dada alimwahidi. Kwa hiyo leo asubuhi tulimchukua, tukapita Bungu nyie mkiwa bado mnafuta viti vya pikipiki mvua, tukashuka Nyamisati tukampakia kwenye boti yake mwenyewe. Kumwosha na kumvisha sanda tulikubaliana kufanyike nyumbani kwake. Sanda na vifaa vyake tulivibeba kwenye mfuko, dada kaupakata.

Ndani ya boti alikuwamo dada, ameketi upande wa kichwa cha marehemu. Alikuwamo Saidi, nahodha, aliyeendesha boti hiyo tangu Athumani alipoanza kuugua. Walikuwamo wapwa wa marehemu, wanaume wazima wenye nguvu na ushauri mwingi. Na alikuwamo Mzee Kilindo, Mmatumbi wa Ikwiriri, ambaye ukoo wake na ukoo wa Athumani ni watani. Kwa wanaosoma hii wakiwa wametoka mbali: mtani msibani ana ruhusa ya kusema asiloweza kusema mtu mwingine. Akinyamaza ndipo watu wanaudhika. Mzee Kilindo hajawahi kuudhi watu kwa njia hiyo.

Nyie mnaokaa barabarani hamyajui maji, nawaeleza kidogo. Kijiji cha shemeji kiko ndani ya kijito. Boti inaingia maji yakiwa yamejaa. Yakianza kupwa, mkondo unatoka kwa nguvu, na baada ya muda kijito chote kinabaki tope la kiunoni. Ukichelewa, unakaa nje mpaka maji mengine, na leo maji mengine yalikuwa ya usiku. Jeneza halibebwi kwenye tope la kiunoni. Kwa hiyo kama tungechelewa, Athumani angelala njiani, na dada angekuwa amesema uongo kwa mtu asiyeweza tena kumsamehe.

Mashine yenyewe ni ile ya Kichina ya petroli, ndogo, ya kuvuta kamba, mnayoijua kwenye pampu za maji. Kwenye boti wameifunga shafti ndefu na pangaboi. Tulipotoka Nyamisati ilikuwa inaimba vizuri. Tulipoingia kwenye mikoko nikasikia tak, tak, tak, nyembamba, kama mtu anayegonga sahani kwa kijiko chumba cha pili. Nikajiambia, wewe umestaafu, masikio yako yana miaka mingi, na leo una msiba. Nikanyamaza. Saidi naye alisikia akanyamaza, alivyoniambia baadaye, kwa sababu aliniona mimi fundi nimenyamaza. Hapo pana somo, ila sijui ni la nani kati yetu.

Sauti ikaongezeka. Nguvu ikapungua. Karibureta ikapiga chafya, pah, pah, halafu kimya.

"Petroli ina maji," akasema mpwa mmoja.

"Plagi," akasema mwingine.

"Nyote hamjui," akasema Mzee Kilindo. "Marehemu kagoma. Mmempakia bila kumuuliza." Akainama kwenye jeneza. "Athumani, umekuwa mbishi tangu jandoni. Sasa hata kwenda kwako hutaki? Hebu inuka utazame mashine yako, sisi tutakushikia nafasi."

Dada hakucheka, lakini alifunika mdomo kwa upande wa kanga.

Nikavuta kamba polepole. Sasa sikilizeni, hili ni la kazi. Mashine nzima ukiivuta, inakuwa nzito, halafu nyepesi, halafu nzito, halafu nyepesi. Ile nzito ni pistoni inabana hewa. Ile nyepesi ni hewa inatoka kwenda ekzosi. Hii ilikuwa nzito kila ilipopanda. Maana yake hewa haina pa kutokea, valvu ya kutoa haifunguki, ndiyo maana moshi unarudi nyuma kupigia chafya kwenye karibureta. Petroli yenye maji haifanyi hivyo. Plagi haifanyi hivyo. Ukiona nzito kila mara, usifungue karibureta hata kama mikono inakuwasha. Fungua kava ya tapeti.

Nikamwambia Saidi nataka kufungua.

"Fundi, hapana," akasema. "Maji bado yanaingia. Tukishika pondo sasa hivi, mkondo utatusaidia. Ukifungua mashine hapa tutaanza kuzunguka kwenye mikoko."

"Kwa pondo hatufiki kabla hayajageuka."

"Na ukishindwa kuifunga?"

Lilikuwa swali la haki.

Dada akasema, "Wewe Saidi sukuma. Wewe Mohamedi fungua. Nani kawaambia mchague moja?"

Basi wapwa wakashika pondo, ile miti mirefu ya kusukumia boti, na makasia, mimi nikapiga magoti kwenye maji ya chini ya boti na spana namba kumi, bisibisi na plaiza. Ndivyo vilivyokuwemo. Mfuko wangu wa vifaa uko nyumbani, kwa sababu mtu hafikirii kubeba spana kwenda kuzika.

Kwa ambao hawajafungua mashine ya namna hii: ukitoa kava ya juu utaona vimikono viwili vya chuma, vimekaa kama mbao za kupembea watoto. Ndizo roka. Upande mmoja wa roka unasukumwa na kijiti cha chuma kinachotoka chini, upande wa pili unaibonyeza valvu ifunguke. Katikati roka imeshikwa na nati, na juu ya nati hiyo kuna nyingine ya kuikaza isicheze, lokinati. Ile ya kwanza inaweka nafasi, ya pili inailinda. Ya pili ikilegea, ya kwanza inajizungusha yenyewe kidogo kidogo, roka inacheza, inagonga, mwisho kijiti kinachomoka.

Nilipotoa kava, roka ya kutoa ilikuwa imelala ubavu. Kijiti kimechomoka. Na kwenye boliti, chini ya lokinati, palikuwa na kitu cheusi kimezungushwa. Nikadhani ni kipande cha gasketi. Nikakivuta kwa ncha ya bisibisi. Ulikuwa uzi. Uzi wa nailoni wa jarife, wavu wa samaki wakubwa, umezungushwa na kupigwa fundo, nusu umeungua, nusu umekatika.

Nikauinua mwangani.

"Hilo fundo lake," akasema dada.

Wapwa waligeuza shingo, mikono ikiendelea na pondo.

Athumani alikuwa mvuvi kabla hajawa kitu kingine chochote. Aliamini hakuna kinachofungwa kikashika bila uzi wa nyavu. Mlango wa nyumba yake una uzi. Miwani yake ilikuwa na uzi. Nati ilipoanza kulegea, akafanya alichokijua. Mimi nilimwambia mara nyingi aniletee mashine, naye alinijibu kila mara, "Fundi, ikifa nitakuletea."

Mzee Kilindo akatikisa kichwa. "Tazameni. Mashine kaifuma kama wavu. Athumani, ulikuwa unategemea ishike samaki?"

Kwa haki yake, uzi ulishika. Sijui aliufunga lini, lakini si jana wala juzi. Kosa la uzi, vijana, si kwamba ni mbaya. Ni kwamba nati inakaza kwa chuma kuuma chuma. Ukiweka kitu laini katikati, mkono wako unasikia umekaza, kumbe umekaza uzi. Mashine ikipata moto, oili ikaingia, uzi unalainika, unapungua, na nafasi iliyobaki ndiyo inayogonga. Ni hivyo hivyo kwa mpira wa ndani wa tairi, na kwa karatasi ya sigara, ambayo nimeikuta pia, na kwa ubani wa kutafuna, ambao nimeukuta kwa mtu nisiyemtaja kwa kuwa mko naye hapo kijiweni.

Nikausafisha uzi wote kwenye meno ya boliti kwa pini ya mtandio wa dada. Halafu kijiti. Kijiti kikichomoka mashine inazunguka, kinaweza kupinda. Utajua kwa kukibingirisha juu ya kitu kilichonyooka, kama kioo. Nikamwomba Saidi simu.

"Kumpigia nani?"

"Lete tu."

Nikabingirisha kijiti chenye oili juu ya kioo cha simu yake. Kilikwenda sawa, hakikurukaruka. Saidi alitazama, kisha akaifuta simu kwa shati muda mrefu kuliko nilivyoona inahitaji.

Nikakirudisha kijiti, ukisikia kimekaa kwenye kikombe chake chini huwezi kukosea, kinatulia. Nikapandisha roka. Nikatoa plagi, nikachungulia tundu lake, nikaona pistoni iko juu. Nikaweka nafasi kwa kukadiria kidole, nikakaza, nikarudisha kava na plagi, nikavuta kamba. Ikawaka.

Ikawaka na kelele kubwa kuliko mwanzo.

Nikaizima kabla haijavunja kitu. Hakuna aliyeniangalia, na hiyo ni mbaya zaidi ya kuangaliwa.

"Kumbe ulikuwa unatengeneza kelele," akasema Mzee Kilindo. "Hiyo imepona kabisa."

Nawaambieni nilichokosea, kwa sababu mtakosea hivyo hivyo. Pistoni inafika juu mara mbili. Mara moja inabana hewa, valvu zote zimefungwa, hapo ndipo unapopima tapeti, yaani ile nafasi kati ya roka na valvu. Mara ya pili inasukuma moshi, na valvu ya kutoa bado haijamaliza kufunga. Ukipima hapo, unapima uongo. Mimi nimeifanya kazi hii mpaka nikastaafu, na leo nilitazama pistoni iko juu nikaridhika.

Aliyenifundisha ni marehemu Mzee Kipira wa Ikwiriri, fundi wa mashine za kukoboa mpunga. Hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa anatutia kidole gumba kwenye tundu la plagi anavuta mwenyewe, na kama hujasukumwa kidole anakwambia, "Bado." Kidole kikipigwa na hewa anasema, "Hapo." Ndiyo darasa lote. Siku hizi naona mnatazama video kwenye simu, na sisemi ni vibaya. Kijana mmoja alinionyesha kwenye video namna ya kuizuia valvu isidondoke kwa kuingiza kamba kwenye silinda, jambo ambalo Mzee Kipira hakulijua, na ni zuri. Ila video haina kidole.

Nikatoa plagi tena. Nikaweka gumba. Mpwa akavuta kamba pole pole. Bado. Bado. Halafu hewa ikanipiga gumba. Hapo.

Ikabaki nafasi. Kukadiria kwa kidole nilishawaonyesha kulikonifikisha. Kinachotakiwa ni fila, vile vibati vyembamba vya kupimia, na Bwana Karim wa duka la spea Kibiti anavyo vizuri, na anakukumbusha uvifute oili kila ukimwona, hata siku usiyokwenda kununua kitu. Fila zangu zilikuwa nyumbani na spana.

Pasipo na fila, Mzee Kipira alitumia wembe. Wembe wa kunyolea, mpya, usiokunjwa. Mmoja kwa valvu ya kuingiza, mbili pamoja kwa ya kutoa. Sijui unene wake kwa hesabu. Ninachojua ni kwamba mashine zilikubali. Fila ni bora, lakini wembe si ujinga.

Na wembe ulikuwemo ndani ya boti. Ulikuwa kwenye mfuko aliopakata dada, pamoja na sanda, pamba, kafuri na uzi, kwa ajili ya kukatia sanda.

Niliutazama ule mfuko. Saidi aliacha kusukuma akanitazama, akajua ninachotazama.

"Dada," nikasema, "humo ndani kuna pakiti ya wembe."

"Ipo."

"Nataka mbili. Zitaingia oili. Sitaki kufanya jambo lisilofaa."

Alifungua mfuko taratibu, akaisogeza sanda upande mmoja isipate maji, akatoa pakiti. Akahesabu zilizomo kwa macho.

"Za kukatia zitabaki," akasema. "Chukua. Yeye mwenyewe angeshazichukua tangu tulipoondoka Nyamisati."

Baada ya mazishi nilimuuliza imamu kama nilikosea. Akasema wembe si sanda. Sikumuuliza zaidi.

Niliunganisha nyembe mbili nikazipitisha kati ya roka na mkia wa valvu. Zipite kwa kukwaruza kidogo, kama unapitisha karatasi chini ya mlango. Zisining'inie, zisikwame. Halafu nati ya kwanza nikaishika kwa spana isigeuke hata kidogo, lokinati nikaikaza kwa plaiza. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: lokinati ikikaza inavuta ya kwanza, na nafasi inabadilika. Lazima upime tena ukishakaza. Nilipima, ilikuwa imebana. Nikalegeza, nikaanza upya. Nikapima tena. Ikakwaruza vizuri. Roka ya kuingiza sikuigusa, ilikuwa sawa, na kitu kilicho sawa kiache.

Wakati ninafunga kava nikaona majani ya mikoko juu ya maji. Asubuhi yalikuwa yanakwenda nasi. Sasa yalikuwa yanakuja kutupokea.

"Yamegeuka," akasema Saidi.

"Najua."

"Nasema tu."

Nikavuta kamba. Ikawaka mara ya kwanza, na sauti ikawa ile ya Nyamisati. Nilisubiri tak. Haikuja. Nilisubiri tena kwa sababu sijiamini siku hizi, haikuja. Mzee Kilindo akalipigapiga jeneza kwa kiganja, kidogo, kama unavyompiga mtu begani. "Haya, Athumani. Wamekubembeleza. Twende."

Tulipanda mkondo unaotoka. Mdomoni mwa kijito tope lilikuwa limeshaanza kuonekana kando kando, linang'aa. Boti ikagusa chini, ikajivuta, ikagusa tena. Saidi akapandisha pangaboi lisile matope, wapwa wote wakaruka majini, maji na tope mpaka kiunoni, wakasukuma, na watu wa kijiji walioona wakashuka nao. Nikajiambia tukikwama hapa nitakuwa nimefunga mashine vizuri bure. Hatukukwama. Pua ya boti ilipanda kwenye mchanga wa bandarini pao maji yakiwa yanaiacha nyuma.

Nataka kuwa wa haki kwa Saidi. Kama tusingesukuma kwa pondo wakati mimi napiga magoti, tungekuwa mbali na mdomo wa kijito, na hata mashine nzima isingetufikisha. Na kama nisingefungua, pondo peke yake lisingeshinda mkondo uliogeuka. Nimejaribu kugawa sifa na sijui zinagawika vipi. Naacha hapo.

Wakamwosha, wakamvisha sanda, akaswaliwa. Waliochimba kaburi walikuwa wanachota maji ndani yake kwa ndoo tangu asubuhi, kwa sababu huko ardhi iko karibu na maji, na yakijaa kijitoni yanapanda na kaburini. Tulisubiri yapwe zaidi, na kwa hilo hatukuwa na ugomvi tena na maji. Alasiri tukamshusha. Mzee Kilindo hakusema kitu toka tunafika mpaka udongo ulipokuwa umejaa, akatazama, akasema, "Kafika." Ni neno moja tu alilolisema makaburini.

Dada hakwenda makaburini. Nilimkuta amekaa ndani kwenye mkeka, ameshavaa za eda, wanawake wamemzunguka.

"Tayari, dada."

"Mchana huu huu?"

"Jua liko juu."

Akavuta pumzi. "Na maji?"

Nilitaka kusema hakukuwa na maji. "Yalibaki kidogo chini," nikasema. "Wakamwaga mchanga mkavu, wakaweka mbao, ndipo tukamlaza."

"Kavu kiasi gani?"

"Kavu, dada. Mimi ndiye niliyeshuka kumpokea. Miguu yangu haikulowa."

Aliniangalia miguu. Ilikuwa na tope la kijito mpaka magotini, na tope hilo lilikuwa limekauka. Akatikisa kichwa kukubali, akajifunika kanga usoni, akalia kwa mara ya kwanza tangu jana, na wanawake wakamwacha alie.

Kwake hapakuwashwa moto. Majirani walileta wali, samaki hongwe wa nazi na matembele. Wanaume tulikula nje kwenye sinia. Dada walimpelekea ndani, na alikula, niliuliza. Alisema hongwe amezidi chumvi, akaomba waongeze wali.